Magurudumu ya Herufi

6 Oktoba 1975

Katika Kindu yote, kutoka stesheni mpaka kwenye maji ya muto Lualaba, hakuna muntu anayejua kitabu kama mimi Kalonji. Nilisoma kwa wapadri mpaka padri mwenyewe akatamka mbele ya watu kwamba hana tena neno la kunifundisha.

Basi, tusidanganyane siku ya kwanza. Padri alilitamka hilo akinionyesha mulango. Nilikuwa mwaka wa pili, na beberu wake alikutwa ndani ya sakristia amevaa kanzu. Tangu pale ninajua kuandika kama hivi munavyoona, ninajua majina ya stesheni zote mpaka Kabalo, na kitabu chochote nitakisoma, mradi nipewe kidole na wakati.

Ninaandika kwa amri. Upepo wa wiki iliyopita uling'oa mabati ya nyumba ya masomo, yote ya upande wa watoto wadogo, ukayatupa kwenye mihogo ya watu. Mwalimu wao, sitwayeni Okito (siku hizi hatusemi tena bwana), amepita nyumba kwa nyumba kutangaza: mwaka wa kwanza watasomea nyumbani mpaka mwezi wa kwanza, nyumba mbili zitumie kitabu kimoja, na kila nyumba iandike mutoto amejifunza nini. Okito njo yule tuliyekuwa tunaita Edouard, mpaka Chama kinachotawala kikasema majina ya watakatifu yarudi kwao Ulaya. Sasa ni Okito mwili mzima, lakini akipiga chafya bado ni Edouard. (Mwalimu, kama uko unasoma, ruka hapa.)

Mwezi wa kwanza, mutihani mbele ya tablo, ule ubao wa chaki. Atakayeweza kusoma ataendelea. Atakayeshindwa ataanza tena Septemba.

Hapo njo ninapokosa usingizi. Mujukuu wangu Ndaya yuko mwaka wa kwanza mara ya pili tayari, na mara ya tatu masomo hayakubali. Baba yake, Ilunga, anafanya kazi ya reli kule Kabalo. Ametuma neno kwa mukubwa wa treni: Ndaya akianguka tena, atakuja kumuchukua, amupeleke kwa dada yake kule Kamina, kuna masomo ya masista yanayopokea watoto wa namna hiyo. Ati wa namna hiyo! Mimi niligeuza reli stesheni, kuonyesha kila treni njia yake, tangu ningali na meno yote. Treni ya Kamina ninaijua. Inapeleka watoto, inarudisha magunia.

7 Oktoba

Mvua. Herufi A. Ndaya ameijua. Mimi pia.

9 Oktoba

Jirani yangu Bulaimu, mushonaji, muntu wa musikiti na wa maneno mengi, naye ana mujukuu mwaka wa kwanza, Aziza. Kitabu ni chetu sote. Alikuja nacho mukononi kama anabeba yai.

"Ndugu Kalonji, mimi macho yangu ni ya sindano tu. Wewe ulisoma kwa wapadri. Ufundishe wote wawili."

"Na mimi ninapata nini?"

Akanizunguka nyuma, akatazama suruali yangu pale ninapokalia. "Wewe unapata kiraka. Haki ya Mungu, ndugu, ukiinama watu wanaona mpaka Kasongo."

Nikavaa kikoi, nikampa suruali palepale. Akasema wiki moja.

11 Oktoba

Tumeanza kweli. Nimekaa juu ya mukeka, kitabu mbele yangu. Ndaya amekaa akitazamana nami, kitabu katikati. Aziza ubavuni, mukono wangu wa kuume. Kwetu mutoto hakai upande mumoja na muzee, akimupumulia shingoni; anakaa mbele, uso uonane na uso, njo heshima. Tena miwani yangu imebaki na kioo kimoja, na kioo hicho hakipendi mbali. Kitabu lazima kinielekee mimi.

Ninaweka kidole chini ya neno, ninatamka, wao wanatamka. Kama neno ni kubwa ninakohoa kwanza, ili nilitazame mara ya pili.

18 Oktoba

Jumamosi, salongo, kazi ya lazima ya wote. Wanaume wote tulitoka kukusanya mabati kwenye mihogo. Mengi yamekunjika kama karatasi ya kufungia sukari. Mapya yatakuja na treni, wanasema.

24 Oktoba

Kanku, binti yangu, mama yake Ndaya, anakaanga mikate ya mafuta karibu na stesheni. Leo mvua ilimufungia nyumbani na unga umeumuka. Nikamwambia akate unga kwa sura ya herufi, akaange. Mutoto akitaja herufi, anakula.

"Baba, wewe unataka kuniua na mafuta."

"Ninataka mutoto abaki hapa. Kata."

Alikata. Watoto walipiga kelele mpaka Bulaimu akaja, akasema naye hajui herufi, apewe ya kujaribu. Alikula O tano.

Jambo moja. Kanku alimusogezea Ndaya mukate wa M, akauliza hii ni nini. Ndaya akasema, "Wa."

"Angalia vizuri, mama," Kanku akamubembeleza binti yake.

"Wa," akasema tena, akafungua mudomo.

Nikacheka, nikamwambia Kanku huyu mutoto ana akili ya soko. Anakosea kusudi ili apewe mwingine. Kanku hakucheka.

30 Oktoba

Ndaya anasoma! Amesoma ukurasa wote wa mama na meza bila kidole changu. Mimi nilikuwa nyuma yake kwa maneno mawili.

Kuandika pia. Tunatandaza majivu juu ya ungo, tunaandika kwa kidole. Anaandika akiwa kule mbele yangu, nami nasoma hapa nilipo, wala sigeuzi ungo. Herufi zinakuja zimesimama sawasawa mbele ya macho yangu kama askari. Akili gani hiyo? Nilimwambia Bulaimu huyu atakuwa waziri.

4 Novemba

Mvua toka asubuhi. Suruali bado.

12 Novemba

Tumehesabu kokwa za mawese. Sita, anahesabu sita. Tisa, anahesabu tisa. Kisha Kanku akamwandikia 6 kwa mkaa juu ya chungu, Ndaya akaleta kokwa tisa. Kanku akanitazama. Nikasema, mutoto amechoka.

Lakini nililala vibaya.

15 Novemba

Mukubwa wa treni amenisimamisha sokoni, pale kwa wauza samaki wa Lokandu. "Muzee Kalonji, mukwe wako anakusalimia. Anauliza: Ndaya anavaa kiatu namba gani?"

Nikamwambia hajui kuvaa viatu, anakula viatu. Akacheka. Mimi nikarudi nyumbani bila samaki. Ilunga ananunua viatu. Muntu hanunui viatu kwa mutoto anayebaki.

Sijawahi kumupenda sana yule kijana. Mupole mno. Mbele yangu anatazama chini, njo heshima ya mukwe, ninaelewa. Lakini muntu asiyeonyesha macho anakuibia ukiwa umekaa naye.

16 Novemba

Kurasa nne leo. Kisha ya tano. Ndaya akasema, "Kaku, mugongo unaniuma." Ananiita kaku, njo babu kwa lugha yetu ya Kasai. Nikamwambia Kamina mugongo utauma zaidi. Kanku akatoka jikoni, akafunga kitabu mwenyewe, akaenda nacho.

20 Novemba

Mvua. Mvua. Kuta zinatoa jasho.

27 Novemba

Leo nitaandika kirefu, na mwalimu Okito daftari hili hataliona.

Alikuja muchana, mvua mugongoni, viatu vimefungua mudomo. Anapita nyumba zote kutazama watoto. Kanku hayuko. Nikamukaribisha kwa majivuno yote, nikaita: "Ndaya! Njoo umuonyeshe mwalimu." Bulaimu akasimama mulangoni kwake na Aziza, sindano mudomoni, kuja kuona.

Okito akatoa chaki mufukoni. Hakukaa. Akaandika juu ya mulango wetu wa mbao, herufi nzuri, kubwa: MAMA ANAPIKA WALI.

"Soma, mama."

Ndaya akasimama mbele ya mulango. Akatazama mulango, akanitazama mimi, akatazama mulango.

"Herufi ya kwanza tu," Okito akasema, polepole.

"Wa," akasema Ndaya.

"Inayofuata?"

Machozi yakaanza kujaa.

Okito akamwita Aziza ajaribu. Aziza alisoma "mama", lakini kichwa kimelala juu ya bega kama kuku anayesikiliza mwewe. Okito akamuuliza, "Shingo inauma?" Aziza akasema hapana, njo hivi ninasomaga.

Okito akafuta mikono kwenye suruali. "Muzee Kalonji. Huyu Ndaya hajui hata herufi moja. Mulikuwa munafanya nini miezi hii miwili?"

"Anasoma! Anasoma kitabu kizima! Leta kitabu, Ndaya."

"Kitabu amekariri, muzee. Watoto wanakariri. Mutihani ni kwa tablo." Akanishika mukono kwa mikono miwili, kama tuko msibani. "Jaribu. Siku bado ziko."

Akaondoka na mvua yake. Bulaimu akatoa sindano mudomoni, akaona afadhali airudishe.

Mimi nikafanya neno ambalo leo jioni sitaki kulitazama. Nilimupigia Ndaya kelele. Nilimuuliza kama anataka kwenda Kamina, kama amechoka na sisi. Nilimwita kichwa cha boga. Alilia mpaka akakwama. Kisha akasema neno ambalo sikulielewa:

"Kaku, mwalimu ameandika herufi zinasimama na kichwa."

Nikamwambia anyamaze.

28 Novemba

Nilikuwa nimekaa uani, ninamenya muhogo kwa hasira, muhogo unakwisha wote kwenye maganda. Maandishi ya Okito bado yako mulangoni. Kanku hakutaka kuyafuta, aliyaona jana aliporudi na hakuniuliza kitu, jambo linalouma kuliko kuulizwa.

Ndaya akatoka ndani. Hakuniona. Akasimama mbele ya mulango, akaupa mugongo. Akatanua miguu, akainama, akaingiza kichwa katikati ya magoti, nywele zinagusa matope. Akatazama mulango kutoka kule chini.

"I-la-wa," akasoma akianzia mkia wa maneno, kama muntu anayeonja chumvi. "Hapana. Wa. Wa-li. A-na-pi-ka. Ma-ma." Kisha mara moja, mbio, kwa furaha: "Mama anapika wali!"

Nilicheka mpaka kisu kikaanguka. Nilicheka nikashika mbavu. Mutoto amesomea mulango kwa matako! Bulaimu akatoka mbio akidhani nimekufa.

Kisha kicheko kikakatika, maana nililiona lote kwa mara moja. Kitabu kinanielekea mimi. Yeye yuko kule mbele. Tangu Oktoba huyu mutoto anaona kitabu kichwa chini, na kichwa chini njo alivyojifunza. M ya mama kwake ni wa. Sita kwake ni tisa. Majivu alikuwa anayaandika ya kichwa chini, njo maana kwangu yalisimama kama askari. Na Aziza, kule ubavuni, amejifunza herufi zilizolala.

Hakukariri hata neno. Anajua kusoma vizuri kabisa. Ila hakuna mutihani duniani wanaokubali muntu ausome kwa kuinama.

Nikamweleza Bulaimu. Akafikiri. "Kwa hiyo wa kwako anasoma kama popo, na wa kwangu kama kuku."

"Ndiyo."

"Ndugu Kalonji, wapadri walijua walichofanya kukufukuza."

Mutoto nilimwita kichwa cha boga, na boga lilikuwa upande huu wa mukeka.

29 Novemba

Nimegeuza kitabu, kimuelekee yeye. Hawezi. Anataka kukigeuza. Nikishika kitabu, anageuka yeye. Alizunguka mukeka mara nyingi hata paka wa Bulaimu akaona ni muchezo.

1 Desemba

Hawezi.

3 Desemba

Bulaimu alishauri tumufunge Aziza kitambaa cha shingo, kichwa kisilale. Aziza akasoma kwa kulaza mwili mzima.

5 Desemba

Nimefanya neno ambalo baba yangu angelinitukania. Nimemwita Ndaya kwenye upande wangu wa mukeka.

Alikataa. Akasimama kule mbele, mikono nyuma. "Kaku, mama atanipiga."

"Mama yako nilimuzaa mimi. Kuja."

Alikuja kama anaingia maji ya baridi. Akakaa kwenye ncha ya mukeka. Nikamuvuta. Bega lake linafika kwenye kiwiko changu. Nywele zake zinanuka mawese na moshi wa jiko la mama yake. Huyu mutoto amekaa nyumbani mwangu tangu kuzaliwa, na sikujua ana kovu dogo nyuma ya sikio.

Hatukusoma. Tulitazama picha tu: mbuzi, jembe, ndoo. Kwa mara ya kwanza ametulia akaona mbuzi wa kitabuni akisimama kwa miguu. Akasema, "Kumbe hakuanguka."

8 Desemba

Nimepata. Nimepata, nimepata! Padri, kama uko mbinguni na beberu wako, sikiliza.

Nilikuwa ninafikiria kazi yangu ya zamani. Gari la treni, hata mulevi anajua upande wake wa chini: upande wenye magurudumu. Nikachukua mukaa, nikachora reli juu ya ubao, mustari mumoja murefu. Nikawaambia watoto:

"Kila herufi iko na magurudumu. Magurudumu yanakaa juu ya reli. M, miguu yake hii, njo magurudumu. A, hii miwili. Sasa, nani ameona treni inakwenda magurudumu yako mbinguni?"

"Hakuna!"

"Ikiwa magurudumu yako mbinguni?"

"Imeanguka!" akapiga kelele Aziza.

"Na ikilala ubavu?"

"Imeanguka na abiria!"

Tukaandika majivuni, kila neno na reli yake chini. Ndaya akaandika M ya kichwa chini kwa mazoea, akaitazama mwenyewe, akashika mudomo: "Kaku! Ajali!" Akaifuta, akaandika nyingine, imesimama.

Nimemwita Bulaimu. Akasimama mulangoni kwake, mikono kiunoni, akasema hiyo ni akili. Nikamuuliza suruali. Akasema anasikia mvua inakuja, akaingia ndani.

11 Desemba

Ajali kumi na moja. Jana zilikuwa nyingi, sikuhesabu.

16 Desemba

Mikate ya herufi tena. Kanku anachora reli kwa unga juu ya sinia na kupanga mikate juu yake. Ndaya ametaja M. Ameila. Kanku akageuka upande wa moto, akakaa hivyo muda murefu, akisema ni moshi.

19 Desemba

Ndaya ana homa. Hakuna kusoma. Nimemufunika kwa koti langu la reli.

20 Desemba

Homa. Okito alipita kuuliza habari. Alileta machungwa mawili, yeye ambaye nyumbani kwake watoto ni wengi kama vifaranga. Viatu vyake amevifunga kwa waya. Nikamweleza yote, kitabu, mukeka, magurudumu. Nilingoja acheke. Hakucheka. Akakaa, akasema: "Muzee, masomoni mimi niliwapa kitabu kimoja watoto wanne, wanakizunguka. Sasa najiuliza ni wangapi wanasoma wakilala ubavu." Akashika kichwa.

Jina la Edouard simutanii nalo tena. Wiki hii.

22 Desemba

Homa imetoka. Lakini leo, kwa uchovu, amesoma ukurasa wote kichwa chini tena, kama mwanzo. Reli nilizochora zote hakuziona. Nilimwambia tupumzike. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikasimama pale mvuani bila kazi.

25 Desemba

Krismasi. Chama kinasema ni siku ya kazi. Kanku amekaanga kama siku zote, ila ya leo ilikuwa na sukari.

28 Desemba

Ajali mbili.

31 Desemba

Mabati mapya yameshuka stesheni. Yatafika nusu ya paa. Upande wa tablo utafunikwa. Wenye kukaa nyuma watasali.

2 Januari 1976

Ilunga amefika. Amekonda. Amevaa abakosti ya kubana, lile koti la Chama lisilo na tai, na ana sanduku dogo, jipya, la rangi ya buluu. Dogo mno kuwa la muntu mukubwa. Alisalimia akitazama chini, akatoa viatu vyeusi kwenye karatasi. Ndaya akavivaa, vinamutosha, akatembea navyo juu ya mukeka kama waziri. Mimi nikasema ni vizuri.

Baada ya chakula Kanku alikwenda kuchota maji. Tukabaki wawili, mimi na mukwe wangu, tunatazama sanduku.

"Umekuja nalo tayari," nikamwambia.

"Ndiyo, baba mukwe."

"Hukungoja hata mutihani."

Akafuta vumbi juu ya sanduku. Kisha akasema, macho kwenye mukeka: "Mimi ninapakia magunia kule Kabalo. Kila siku wananipa karatasi, wanasema weka alama hapa. Ninaweka kidole. Sijui nimekubali nini miaka yote hii. Nikiona masomo yanamufungia Ndaya mulango, ninaona kidole changu. Njo hivyo tu. Sipendi kumutoa kwako. Ninajua anakuchekesha, na wewe unamuchekesha."

Sikujua kama Ilunga hajui kusoma. Kumbe macho ya chini si ya mwizi. Ni ya muntu anayeogopa kuulizwa pale pameandikwa nini.

3 Januari

Jioni tulisoma, Ndaya katikati. Mimi upande mumoja. Ilunga alikuwa amesimama mbali. Nikapigapiga mukeka upande wa pili. Alikataa, kwa heshima, mukwe hakai mukeka mumoja na baba mukwe. Nikamwambia heshima hiyo tayari imenigharimu miezi miwili, akae. Akakaa. Ndaya akamuonyesha reli. Nikaona midomo ya Ilunga ikitikisika pamoja naye, bila sauti.

4 Januari

Siwezi kuandika. Kesho mutihani.

5 Januari

Basi iwe kama ilivyokuwa.

Wazazi tuliwekwa nje, dirishani. Bulaimu alikuwa amevaa kofia ya Ijumaa na leo ni Jumatatu. Kanku hakuja, alisema atakaanga mikate, asipokaanga mikono yake itafanya kitu kingine. Ilunga alisimama nyuma yangu. Sanduku lilibaki nyumbani. Niliangalia.

Aziza aliitwa mapema. Kichwa kikalala kidogo. Bulaimu pale dirishani akasimamisha chake, wima kama mlingoti, akimutolea macho. Aziza akamuona, akanyoosha shingo, akasoma. Sawa. Bulaimu akaanza kushukuru Mungu kwa sauti mpaka akaambiwa atoke kwenye mwanga.

"Ndaya."

Viatu vyeusi vikalia kwenye sakafu. Okito aliandika, akasogea pembeni. Niliweza kuisoma hata na kioo kimoja: MBUZI WA BABA AMELALA.

Ndaya akatazama tablo. Mikono ikaanza kushuka, ikafika kwenye magoti. Mugongo ukaanza kupinda. Nikasema moyoni, Mungu wangu, anainama, anageuka, sasa watoto wote watacheka na kesho treni.

Akasimama hapo katikati, amepinda nusu, kama muntu aliyesahau alikuwa anaokota nini. Kisha akanyoosha mugongo. Akainua kidole, na mbele ya watoto wote, hewani, akachora mustari murefu chini ya maneno, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Reli. Okito aliona. Mudomo wake ulicheza kidogo.

"Mbu. Zi. Mbuzi," akasema Ndaya. "Mbuzi wa baba. Ame." Akakwama. Jua liliingia pale bati lilipokosekana, likamupata usoni. "Ame-la-la. Mbuzi wa baba amelala."

Akaandikiwa pia 6. Akasema sita. Akaandikiwa 9. Akasita, akatazama chini kwenye viatu vyake, akasema tisa.

Nikageuka nimuambie Ilunga neno. Alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili. Nikageuka tena dirishani, nikamutazamia mutoto kwa niaba yake.

7 Januari

Okito amesoma majina chini ya mabati mapya. Aziza anaendelea. Ndaya anaendelea. Jina la Ndaya mwalimu alilitamka kwa sauti ya kawaida kabisa, kama la mutoto yeyote, na mimi nilimupenda kwa hilo.

9 Januari

Ilunga ameondoka na treni. Sanduku la buluu ameliacha. Ndani yake Ndaya ameweka kitabu, chaki na kokwa za kuhesabia. Stesheni, mukubwa wa treni alimupa Ilunga karatasi. Ilunga akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu aoe. Akachukua kalamu. Hakuweka kidole. Aliandika I moja, ndefu, imesimama juu ya mustari. Tulikuwa tumefanyia mazoezi uani. Zilizobaki atajifunza akirudi Pasaka, mukeka nitatandika.

Mwalimu Okito ameniomba daftari hili. Nimemwambia limeliwa na beberu.

Na sasa, kwa kuwa mvua imetulia na mimi bado niko ndani ya kikoi tangu Oktoba, ninaandika ukurasa huu wa mwisho kwa herufi kubwa, kila neno na reli yake. Ndaya, ukate ukurasa huu, uende nao mulangoni kwa jirani, usimame wima, kichwa juu, umusomee Bulaimu kwa sauti watu wote wasikie:

BABU BULAIMU. KAKU ANAOMBA SURUALI YAKE.